Mpishi Aliyeendesha Lori

Mama yangu hugombeza vitu. Wenzake hugombeza watoto, waume na mbuzi wa jirani; yeye hugombeza pasi, jiko, mlango unaokwama, hata mvua. Pasi ikichelewa kupata moto, huisimamia mikono kiunoni na kuiambia: "Amka, mvivu wewe! Umekula umeme wa watu, sasa fanya kazi ya watu!" Na cha ajabu, pasi hupata moto. Sisi wanawe tumekua tukiinamisha vichwa kila mgeni alipoingia, maana kiti kikilia kidogo tu chini ya mgeni, kilisomewa mashtaka yake hadharani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi yangu ni kunyamazisha watu, na naiweza. Ndiyo maana asubuhi ile, tulipokuwa tukivaa viatu kwenda makao makuu ya jeshi, nilimwapisha.

"Mama, leo hakuna kugombeza. Ukiulizwa, jibu kwa upole. Usipoulizwa, funga mdomo."

"Hata mlango ukikwama?"

"Hata ukikuangukia."

Akaapa. Na mama akiapa, ameapa.

Tulikuwa tunakwenda kudai medali zake. Mama alikuwa askari. Faili lake linasema alikuwa mpishi wa kikosi, na mpishi alikuwa kweli. Lakini wakati wa vita vya mpakani, siku kikosi kilipozidiwa nguvu, dereva wa lori la majeruhi alipigwa risasi ya bega akiwa kwenye usukani. Mama alikuwa amejifunza kuendesha lori hilohilo katika safari za kuchota maji na kuni. Alimsogeza dereva pembeni, akakamata usukani, akalivusha lori juu ya daraja la mbao lililokwisha kushika moto. Wote waliokuwa ndani walifika hospitali wakiwa hai. Kamanda alimwambia mbele ya wenzake kwamba ameandikiwa medali ya ushujaa, na kwamba ile ya vita ni haki yake kama askari mwingine yeyote. Siku chache baadaye kamanda mwenyewe akauawa. Yule dereva alikuja kufa kwa maradhi miaka mingi baada ya vita, bila mtu kumuuliza kitu. Kwenye faili mama akabaki mpishi, na wapishi, wakubwa walisema, hawakufika mstari wa mbele.

Alipojaribu kusimulia mtaani, watu walicheka wakampachika jina: Jenerali wa Sufuria. Akaacha kusimulia. Kisha mwaka jana tukamzika rafiki yake waliyetumikia pamoja. Wenye medali walipangwa karibu na jeneza ili wapige saluti. Mama naye akajongea. Kijana aliyekuwa akipanga watu akamwomba, kwa adabu zote, akawasaidie akina mama kwenye chai. Akaenda, akamimina chai. Tuliporudi nyumbani hakugombeza hata mlango, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kupika nimepika, sikatai," aliniambia tukiwa jikoni. "Ila lori niliendesha. Sitaki kufa muongo, mwanangu."

Maombi mawili ya kwanza yalikataliwa. La tatu ndilo la mwisho kwa kanuni zao. Likikataliwa, faili linafungwa na halifunguliwi tena. Walitaka mtu aliyekuwepo siku ile, asiye ndugu. Chama cha askari wastaafu kilitafuta mpaka kikampata mmoja tu aliye hai kati ya wale majeruhi, fundi redio anayeishi mji wa mbali. Nilimpigia simu.

"Mwalimu, nisikudanganye," alisema. "Bomu liliniumiza macho. Nilifungwa bendeji uso mzima. Dereva sikumwona, nilimsikia tu. Dirisha la nyuma ya dereva halikuwa na kioo, nami nimelala hapohapo chini yake. Nilimsikia mwanamke. Lakini hospitalini waliniambia ni homa ndiyo iliyoniotesha, eti madereva wote walikuwa wanaume. Mpaka leo sijui kama niliota au la. Nitakuja, ila nitaapa kile ninachokijua, basi."

Tulimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha bodi. Mzee mfupi, bisibisi mbili mfukoni mwa koti kana kwamba jeshi lingeweza kuharibikiwa na redio wakati wowote. Jicho lake moja lilikuwa limepona. Alimwelekezea mama sikio kabla ya uso.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mzee wangu. Pole na safari," mama akajibu, kwa sauti ya bibi harusi mbele ya wakwe. Sijawahi kuisikia maishani mwangu.

Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa. Akanivuta pembeni. "Siye, mwalimu. Yule sauti yake ilikuwa inakwaruza kama bati. Huyu ni mama mpole."

Mama yangu, mpole! Nilitaka kucheka, nikataka kulia, na kabla sijachagua, karani akafungua mlango na kutuita ndani.

Mlango ulikwama nusu. Mama aliutazama, akameza mate, akapita kiubavu. Tulipoketi, kiti chake kikalia kama paka aliyekanyagwa. Kimya. Nikamfinya paja chini ya meza, maana yake: Mama, sema nacho! Akanitazama kwa lawama, akabana midomo zaidi. Alidhani namkumbusha kiapo. Hivi ndivyo nilivyolipwa kwa ualimu wangu.

Bodi ilikuwa watu wawili: mwenyekiti, kanali mstaafu mwenye mvi, na kapteni kijana aliyenyooka kama rula. Karani alikaa pembeni na kompyuta yake na mashine ya kuchapia.

"Mama," kapteni alianza, "malori yale yalikuwa magumu. Wanaume wenye misuli walishindwa nayo. Si kwamba labda ulikaa kando ya dereva, halafu miaka imepita, kumbukumbu zikachanganyika?"

Nikasubiri radi. Mama akainamisha kichwa.

"Niliendesha mwenyewe, mwanangu. Ila ninyi ndio mnaojua kazi yenu."

Kama angemtukana nisingeumia vile. Nilimwona mama yangu anazeeka palepale kwenye kiti, na aliyemzeesha ni mimi. Nikamfinya tena. Akanipiga kofi dogo la mkono.

Fundi, aliyekuwa ameketi nyuma yetu, akaombwa aseme. Alieleza kila kitu alichonieleza: bendeji, dirisha, sauti ya mwanamke. Mwenyekiti akamwelekeza kwa mama. "Ni huyu?"

Fundi alisita sana. "Afande, ningependa awe yeye. Lakini kuapa siwezi."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. Niliona hakufurahi. "Mama, hatusemi wewe ni muongo. Bodi haina ushahidi, basi. Karani, chapa uamuzi, tutie saini."

Karani akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikavuta karatasi, ikakwama. Akaichomoa, akabonyeza tena. Ikakwama. Akaipiga kofi ubavuni. Mashine ikatoa sauti ya mtu anayejinyoosha kitandani, ikanyamaza kabisa.

Nilimtazama mama shingoni. Mishipa ilikuwa imesimama. Mume wangu alimwona hivyo mara moja tu, siku friji ilipoharibu nyama, na bado huisimulia habari hiyo kwa kunong'ona.

Mama akainuka. Kiapo, bodi, kanali, vyote vikaenda na maji.

"Amka, mvivu wewe!" Sauti ile ikagonga ukuta ikarudi. "Umekula karatasi za watu, sasa fanya kazi ya watu! Ndiyo nini kukaa hapo na tumbo limejaa? Hata kunikataa huwezi?"

Karani alirudi nyuma na kiti chake. Kapteni alisimama bila kujua kwa nini. Na nyuma yetu nikasikia bisibisi zikianguka sakafuni.

"Ni yeye!" Fundi alikuwa amesimama. "Afande, naapa! Ni yeye huyu! Hivyohivyo alivyokuwa analiambia lori: umekula mafuta ya watu, fanya kazi ya watu!"

Mwenyekiti akainua mkono, chumba kikatulia. Alikuwa mtu makini. Alimwomba mama atoke nje kidogo, mlango ukafungwa.

"Mzee, maneno hayo tumeyasikia wote sasa hivi. Nipe ambayo hatujayasikia."

Fundi alifumba macho. "Tulipofika katikati ya daraja mbao zilikuwa zinalia, moshi umejaa. Injini ikaanza kukohoa. Sisi huku nyuma tunasali. Ndipo akaliambia: 'Ukizima hapa nashuka, nakuacha uungue peke yako, na hawa nawabeba mgongoni mmojammoja.'" Akafumbua jicho lake. "Tangu siku ile, nikiogopa kitu, huyakumbuka maneno hayo."

Mama akaitwa. Aliingia amejikunyata kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha darasa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mwanangu, ulimi hauna mfupa."

"Mama," mwenyekiti akauliza, "injini ilipokohoa juu ya daraja, ulisema nini?"

Mama akaona haya. "Maneno hayakuwa ya heshima, afande."

"Yaseme hivyohivyo."

"Nililiambia lori, likizima nashuka, naliacha liungue peke yake, na hawa nawabeba mgongoni mmojammoja." Akafikiri kidogo. "Na ningewabeba. Sikuwa natania."

Fundi alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Kumbe sikuota," akawa anarudia. "Dada yangu, kumbe sikuota."

Mwenyekiti akasimama. Kapteni, yule rula, alikuwa ameshasimama. Akagonga visigino na kumpigia mama yangu saluti ambayo sijaona mtu akipigiwa. Karani akafuta uamuzi wa kwanza akaandika mwingine: aliendesha lori la majeruhi chini ya risasi, medali ya vita na medali ya ushujaa ziingizwe kwenye kumbukumbu zake. Akabonyeza. Mashine ikachapa bila hata kukohoa. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Siku ile mdomo ulikiokoa, nami nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kuufunga.

Walimvisha kwenye uwanja wa gwaride, bendi ikiwepo, vikosi vimejipanga. Nusu ya mtaa wetu ilikuja, na waliobuni jina la Jenerali wa Sufuria walitafuta viti vya nyuma. Medali ya vita iliingia bila shida. Ya ushujaa ikagoma. Koti lilikuwa zito, pini ngumu, na vidole vya mwenyekiti vilikuwa vya mtu mzima. Alijaribu, akajaribu tena. Uwanja mzima ulikuwa unangoja.

Mama hakusogea. Alinitafuta kwa macho kwenye safu ya wageni, na nikaelewa anachoniomba.

"Ruhusa, mama!" nikapaza sauti.

Akaiinamia medali kifuani mwake.

"Mvivu wewe! Umekula miaka ya watu, sasa kaa kifuani mwa mtu!"

Pini ikaingia. Askari waliokatazwa kucheka wakacheka, mwenyekiti akiwa wa kwanza wao. Na katika mstari wa wenye medali, pale walipomwachia mama nafasi katikati, fundi redio alikuwa amepiga saluti, jicho lake zima amelifumba, anasikiliza.