Jani Halina Mdomo

Tangu mkewe, Justina, aondoke, Sirili alikuwa na kichaa kidogo ambacho hakumwambia mtu. Kila jioni, akitoka kukata majani ya ng'ombe, alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, pale Mwika, akapiga hodi. Mara mbili. Akasubiri. Kisha akaingia kupika mtori wa ndizi ambao hata adui usingempa.

Kosa lake lilikuwa nini? Alinyamaza. Siku ya Krismasi, ukoo umekusanyika na mbuzi kachinjwa, dada yake mkubwa, Dominika, alimtazama Justina akigawa chakula, akasema kila mtu asikie, "Nyumba hii haina mama. Ina mpishi." Miaka ishirini na mbili ya ndoa bila mtoto, na maneno hayo mbele ya wageni! Macho yote yakamgeukia Sirili. Naye akainamia kata yake ya pombe ya mbege, akanywa. Kesho yake Justina alirudi kwa kaka yake, kule Kirua Vunjo.

Sasa masika yalikuwa yamepita, na Sirili alimtamani mkewe hadi kifua kikamuuma. Akakata jani la isale, akalipiga fundo, akapanda bodaboda. Njia nzima alijipa moyo: Mchagga akiletewa isale hana ujanja, husamehe. Tena jani humsemea mtu. Hilo ndilo alilolipenda zaidi, mtu mzima yule, mwoga wa maneno kama paka na maji.

Hosea, shemeji yake, alimkaribisha sebuleni. Justina akaja, amekonda. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," alisema. "Mila ni mila."

Sirili akainuka upesi. "Basi twende nyumbani."

"Kusamehe nimesamehe. Kurudi ni jambo lingine. Jani halina mdomo, Sirili. Wewe unao."

Akatoa simu, akampigia wifi yake, akaweka spika, kisha akamkabidhi mumewe. Simu ikaita mara tatu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya Dominika.

Sirili akaisogeza simu mdomoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sirili? Mbona una simu ya huyo..."

"Dada, siku ile ulimwita mke wangu mpishi. Nikanyamaza kwa sababu nakuogopa. Ulikosea, na mimi nilikosea zaidi. Mwenye nyumba ni Justina. Kila jioni napiga hodi mlangoni kwangu, dada. Mlangoni kwangu mwenyewe! Napiga hodi, hakuna wa kuniitikia. Namtaka mke wangu."

Hosea akajifanya anaangalia dari. Kabla Dominika hajajibu, Justina, machozi yakimtiririka, akaitikia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ndani ya nyumba:

"Karibu."