Darasa la Samaki Wachanga

Pale maabara walimpa jina la Mama Vidagaa, naye hakulikasirikia. Kazi yake ilikuwa kufundisha samaki wachanga, wembamba kama uzi, ambao miili yao inapitisha mwanga hivi kwamba kwa hadubini unauona ubongo ukifanya kazi. Somo lilikuwa moja: taa nyekundu ikiwaka upande huu wa beseni, kimbilia upande ule, kwa sababu mshtuko mdogo wa umeme unafuata. Alitaka kuona kumbukumbu inavyozaliwa kichwani.

Tatizo, hawakujifunza. Taa ikiwaka, wanaikodolea macho tu.

"Dada, tuhamie kwa panya," mkuu wa maabara alimwambia. "Hawa hawana kumbukumbu."

"Wana wiki moja tu tangu waanguliwe. Utampaje mtoto wa kunyonya mtihani, halafu useme ni mjinga? Niache niwakuze kwanza."

"Utawakuzaje? Kiini cha yai kinachowalisha kikiisha, wengi wanakufa."

"Ndiyo maana watu wanawapima wakiwa wachanga hivi. Si kwamba ndio umri wa kujifunza."

Mkuu alicheka bila kupenda. Akampa kona ya stoo na muda hadi likizo.

Kundi la kwanza lilikufa lote. Chembe za chakula zilikuwa kubwa kuliko midomo yao. Walikufa njaa chakula kikielea mbele yao. Mama Vidagaa alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kuosha mabeseni.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, alimkuta akichekecha unga wa samaki kwa kitambaa chepesi.

"Mke wangu! Hiyo ni shela ya bibi harusi wa watu!"

"Bibi harusi anaweza kusubiri. Hawa hawawezi."

Mume alishika kiuno, akamtazama, kisha akachukua mkasi akamkatia kipande cha pembeni.

Kundi la pili lilikula likashiba, ila masalia ya chakula yakaoza na maji yakawaua. "Piga ua, la tatu litakua," alisema, akaanza kunyonya uchafu kwa mrija mwembamba, beseni moja baada ya jingine, asubuhi na jioni, mgongo ukimuuma.

Likakua. Alipowarudisha darasani, wengi walikuwa wazito wa kujifunza vilevile. Lakini mmoja, mwenye mkia uliopinda, taa ilipowaka aligeuka akakimbia kabla ya mshtuko. Mama Vidagaa hakushangilia. Huenda ni bahati. Akahamisha taa upande wa pili. Samaki akakimbia tena. Kesho yake akaiwasha bila mshtuko wowote kufuata. Samaki alikimbia.

Ndipo akamwita mkuu. Mkuu alitazama, akaomba jaribio lirudiwe. Kisha akaita wenzake wote, wakajazana stoo wakisukumana kuona.

"Tokeni nje," alisema Mama Vidagaa, macho yake kwenye beseni. "Mnamtisha, na bado ana wenzake wa kupimwa."

Wakatoka. Mkuu naye alitoka, akinyata.