Pindo la Shati

Pale uani walimwita Mgodi, na jina hilo lilitokana na uongo wa dada yake. Dada, fundi cherehani ambaye kutwa nzima midomo yake imebana pini, alimpokea mdogo wake na begi moja, akawatangazia wapangaji wa vyumba vyote saba kwamba kijana ametoka mgodini, kachoka na vumbi, anatafuta kazi penye hewa. Ukweli ni kwamba alitoka gerezani, miaka minne na miezi miwili, kwa kufungua milango isiyo yake. Mama mwenye nyumba hampokei mtu asiye na mdhamini, na dada ndiye aliyejitokeza. "Huyu akiharibu," alimwambia, "nifukuze mimi." Watu husema mengi ya namna hiyo. Dada alimaanisha.

Mgodi akapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili. Alikuwa na mkono mwepesi, na kila alichokikuta mfukoni mwa mteja, iwe pete au risiti iliyofifia, alikiweka kwenye kopo la dirishani hadi mwenyewe aje. Dobi alimsifu mbele za watu. Mgodi alikuwa akirudi nyumbani na zile sifa kifuani kama mtoto aliyepasi mtihani.

Mbali na dada, mtu mmoja tu alijua habari zake. Ni Kijiko, waliyelala naye sakafu moja kule ndani. Siku moja Kijiko aliingia kwa dobi na koti la kijivu lisilo na hata kunyanzi moja, akaliweka mezani.

"Linyooshe, sina haraka," alisema. "Siku ukichoka na nguo za watu, niletee mwenyewe. Ninapokaa unapajua."

"Mimi nishaacha, bwana."

"Wewe umeacha, naona. Wao je?"

Mgodi akalitundika lile koti kwenye msumari wa nyuma ya mlango, na miezi mitatu likakaa hapo hapo. Alilipita asubuhi na jioni bila kuligusa.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Msusi, jirani wa chumba cha tatu, alikuwa ameinjika maharage akatoka kuchota maji bombani. Upepo ukausukuma mlango, kitasa kikajifunga, ufunguo uko ndani, na mwanawe Kibibi, wa miaka mitatu, yuko ndani. Mpaka watu wanashtuka, moshi ulikuwa unatoka juu ya mlango na mtoto analia kwa kukohoa. Mlango ulikuwa wa chuma, dirisha lina nondo. Mmoja alikimbilia nyundo, mwingine alimkimbilia mama mwenye nyumba, na waliobaki walipiga kelele, kazi ambayo haihitaji kifaa.

Mgodi alikuwa anafua soksi zake. Alijua anachoweza kufanya, alijua pia kitakachofuata. Alimtazama dada yake ng'ambo ya ua, na dada, pini midomoni, akatikisa kichwa kidogo sana: usithubutu. Ndani, kikohozi cha mtoto kikaanza kupungua, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

Akachomoa pini mbili kwenye nywele za msusi, akapiga magoti. Hata nusu dakika haikupita. Kitasa kikalegea, mlango ukafunguka, msusi akaruka ndani akatoka na mwanawe mikononi, mzima, masizi puani. Uani pote vigelegele.

Lau angeishia hapo, pengine wangesema ni bahati. Lakini mkono una mazoea yake. Kabla ya kusimama, Mgodi alishika pindo la shati lake akafuta kitasa, taratibu, juu hadi chini, kwa namna mtu anavyofuta midomo baada ya kula. Vigelegele vikafa. Mwalimu wa chumba cha tano aliuliza kwa sauti ya darasani, "Mgodini nako mnafundishwa hivyo?"

Hakuna aliyecheka.

Wiki ya pili televisheni ya mwalimu ikatoweka, mlango ukiwa mzima. Hawakuuliza ni nani. Walikuja wapangaji wanne, wakapekua chumba cha dada, wakamwaga hadi vitambaa vya wateja wake sakafuni. Mgodi alisimama ukutani mikono ikionekana, kama alivyozoeshwa. Siku tatu baadaye ikajulikana kwamba mume wa mwalimu ndiye aliyeiuza, pesa akaziweka kwenye kamari ya mpira. Ungetegemea mtu aombe radhi. Thubutu! Mwalimu alisema tu, "Hata hivyo, tumejua tunaishi na nani," na wenzake wakaitikia kana kwamba mume wake ni jambo dogo.

Wakaleta fundi vitasa kubadilisha vitasa vya milango sita. Mgodi alikaa kitandani akisikiliza nyundo ikihama chumba hadi chumba. Ilipofika cha tatu alitoka nje. Msusi alikuwa amesimama pale, Kibibi kiunoni.

"Usinielewe vibaya, kaka," alisema bila kumtazama. "Baba yake ndiye hana amani."

"Na wewe unayo?"

Msusi akaingiza mtoto ndani.

Mgodi akamfuata fundi, akamwomba kazi, hata ya kubeba vifaa. Fundi aliona jinsi anavyokishika kitasa, akajua ni mjuzi, akafurahi. Kisha akauliza kama ana cheti cha polisi cha tabia njema. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa dobi nako habari zilikuwa zimefika. "Mimi nakuamini," dobi alisema, akimpa mgongo, "lakini wateja wanaanza kupekua mifuko mara mbili. Ngoja upepo utulie." Kopo la dirishani halikuwapo tena. Mgodi alilitoa lile koti msumarini, akapasha pasi, akalinyoosha vizuri, kola na mikono, ikawa nguo yake ya mwisho katika kazi ile, akaondoka nalo.

Aliporudi, alimkuta mama mwenye nyumba akizungumza na dada mlangoni. Alijibana pembeni akasikia yote. "Ama aondoke yeye, ama mwondoke wote wawili. Mwisho Ijumaa." Na dada, mwanamke mwenye wateja miaka kumi mahali pale, akajibu bila hata kufikiri, "Basi tutaondoka wote."

Hapo ndipo Mgodi alipoumia kweli. Gerezani alijua mlango uko wapi na nani ana ufunguo. Hapa ufunguo ulikuwa kwa kila mtu isipokuwa yeye, na sasa wangemfungia nje hata dada yake.

Ijumaa saa nne asubuhi, dada alipokwenda sokoni kutafuta maboksi ya kufungashia, Mgodi alitandika kitanda, akapanga vitambaa vya wateja rangi kwa rangi, akaacha ufunguo wake juu ya cherehani. Akalitupia begani koti la Kijiko. Jua lilikuwa kali na uani watu wote walikuwapo, wakimwona na kujifanya hawamwoni.

Akauvuta mlango wa dada ukajifunga. Kisha akashika pindo la shati, akafuta kitasa juu hadi chini, safari hii kwa kukusudia, ili watakapokuja kuuliza wasimkute popote kwenye mlango wa dada yake.