Salongo ya Mtaa wa Juu

Mtaa wetu wa juu ulisifiwa sana kwa salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Jumamosi asubuhi kila nyumba hutoa mtu mmoja mwenye jembe, mifereji inazibuliwa, majani yanafyekwa, na shefu wa mtaa anasoma majina. Nilijivunia sifa hizo, ingawa tangu mume wangu apate kazi ya serikali nilikuwa sijashika jembe. Nilimlipa Médard aende kwa jina langu. Karibu nyumba zote zililipa mtu, na watu hao wote walitoka bondeni, kwa wavuvi. Shefu aliita, "Mama Emilie," Médard akaitika, "Niko," nami niko ndani nakunywa chai.

Mifereji yetu ikizibuka, maji yote huteremka bondeni. Yalichimba korongo, likala njia, likala migomba, likafika nyuma ya nyumba ya Médard. Alhamisi moja mkewe, Ursule, alipanda kwetu, akaketi barazani.

"Mama Emilie, samedi, siku ya salongo, uniachie Médard. Tuko na mifuko ya muchanga ya kuweka kule, lakini wanaume yote ya kwetu iko huku kwenu."

"Na shefu atasema nini? Bon, mungojee samedi ingine."

Hakubishana. Naona haya kulisema, lakini nilifurahi kwamba hakubishana.

Jumamosi hiyo mvua ilianza katikati ya salongo. Médard alikuwa langoni kwangu, anatoa matope mferejini ili maji yapite. Yalipita. Kabla ya saa sita, jiko la Ursule na chumba cha watoto vilikuwa vimeporomoka korongoni. Watoto walikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, na kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Juma lililofuata nilimwambia Médard abaki kwake. Nikaazima jembe, nikateremka mwenyewe, nimevaa viatu vya misa kwa sababu ndivyo pekee vilivyofunika vidole. Wanaume walikuwa wachache kama kawaida. Wanawake walikuwa wakijaza mifuko mchanga. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza. Nilianza kuchimba vibaya, mchanga ukinimwagikia miguuni.

Ursule alikuja akasimama karibu nami.

"Mama Emilie," akauliza kwa upole, "nani amekutuma?"

Hakuwa akinitania. Bondeni, mtu mwenye jembe siku ya Jumamosi huwa ametumwa.