Kutu ya Tateshina

Jumanne hiyo Hawa aliisugua manowari ya Kijapani mpaka ikatakata, akajisikia kama mtu aliyemwogesha mtoto wa jirani kabla mama yake hajarudi.

Manowari yenyewe ilikuwa ya plastiki, imezidi kidogo urefu wa mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ilikaa juu ya meza ya Papa Etienne, huko Auderghem, ughaibuni. Hawa anaishi Anderlecht, upande wa pili wa jiji, kwa hiyo hupanda metro namba tano, akaukata mji mzima, ili amsafishie mzee huyo nyumba. Papa Etienne ujanani alikuwa fundi wa injini za meli za ziwani kule Kalemie, na Kiswahili cha huko hakijamtoka. Hawa ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, ziwa hilohilo. Basi kahawa yao haikosi gumzo.

Kipupwe chote gumzo lilikuwa Tateshina. Ndilo jina la manowari hiyo. Mzee aliiunganisha kipande kwa kipande, kwa kibanio na kioo cha kukuzia, huku akimsimulia Hawa maisha ya meli yenyewe kama mtu anayesimulia habari za binti wa shangazi. Ilizaliwa Nagasaki. Ikakabidhiwa kwa jeshi la maji, bendera zikapepea. Ikapelekwa mbali, Hawaii, kupimwa makombora yake. Ikarusha moja likaenda kulitungua jingine juu huko yasikofika mawingu.

"Na likikosa?" Hawa aliuliza siku ya habari hiyo.

"Halikukosa."

"Nasema likikosa, papa."

"Maman Hawa, kunywa kahawa."

Hadithi ilikuwa imefika hapo Hawaii. Ndiyo maana Hawa, alipoona Jumanne michirizi ya rangi ya udongo ubavuni mwa meli, alidhani ni uchafu tu. Mzee alikuwa amekwenda kufanyiwa mazoezi ya mikono. Jumamosi hiyo ingekuwa siku ya maonyesho ya chama chao cha watengeneza meli ndogo, kwenye ukumbi wa parokia. Iende chafu mbele za watu? Hawa akachukua siki, sabuni na mswaki mkuukuu, akasugua polepole, kila kidirisha, kila kingazi.

Papa Etienne aliporudi alikaa bila kuvua koti.

"Ilikuwa na kutu," akasema.

"Ilikuwa, papa. Imetoka yote."

"Kutu ile niliipaka mimi."

Hawa akacheka, maana nani hununua kitu kipya akakipaka uchafu? Kisha akaiona mikono ya mzee juu ya magoti, inatetemeka kama ilivyokuwa ikitetemeka tangu Noeli, na kicheko kikamwishia mdomoni. Mikono hiyo ilikuwa imepaka kutu hiyo katika siku zake nzuri za mwisho. Haingeweza kutengeneza meli nyingine, na mzee mwenyewe alikwisha kusema hivyo.

"Bon," mzee akasema, "nitaandika kwenye kadi yake kwamba ni siku ile ilipokabidhiwa. Siku hiyo ilikuwa safi." Alisema kama mgeni anayesifu wali ulioungua.

"Na kutu ilikuwa ya siku gani?"

Akamwambia. Mwaka 2011, nchi ilipotetemeka na bahari ikaibeba pwani ya kaskazini, Tateshina iling'oa nanga haraka hata baadhi ya mabaharia wakaachwa nchi kavu. Ilikaa kule wiki baada ya wiki, makombora yake yamelala, watu wake wakitafuta watu majini na kupeleka maji, blanketi na supu. Nani angeshika brashi ya rangi? Ilirudi nyumbani imejaa kutu, na hivyo ndivyo mzee alivyotaka ionekane.

Hawa aliitazama meli. Kazi yote ile ya wale watoto wa watu, naye ameitoa kwa siki.

"Papa, kutu ina rangi gani hasa?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye kucha za Hawa, ambazo bado zilikuwa na hina ya harusi ya mjukuu wake Tasnim.

Kesho yake Hawa alirudi, ingawa haikuwa siku yake ya kazi. Alikuja na hina iliyolala usiku kucha kwenye chai nzito na mafuta ya karafuu, ameichuja kwa kitambaa. Mzee alitoa vanishi, wakachanganya, wakajaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Ilishika. Hawa akaijaza kwenye koni ya kuchorea hina, kama zile alizowachorea mabibi harusi wa Buyenzi na wa Anderlecht.

"Anzia tundu la nanga," mzee akaelekeza. "Inachirizika kushuka. Nyembamba. Zaidi. Voilà."

Mkono wa Hawa ulikuwa na mazoea yake. Mchirizi wa tatu ukaanza kujikunja wenyewe.

"Maman, hilo ni ua."

"Dogo tu."

"Hao ni mabaharia, hawaolewi."

Hawa akalifuta.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Madame Lutgarde, mwenyekiti wa chama, alizunguka na miwani puani, akafika kwa Tateshina, akainama. Akakaa hapo kitambo. Kisha akanusa.

"Etienne," akasema kwa Kifaransa, "meli yako inanukia karafuu kama kwa daktari wa meno."

"Ni upepo wa bahari ya kule," mzee akajibu, wala hakutabasamu. "Kutu ni ya Maman Hawa."

Lutgarde akamtazama Hawa, akaitazama tena kutu, akasema ingefaa aje na Jumamosi nyingine, maana kutu anayopaka yeye mwenyewe hutoka kama mchuzi uliomwagika.

Jamila, rafiki wa Hawa, naye msafishaji wa nyumba za watu, alikuja akiwa amechelewa. Aliinamia meli, akasikitika, akalowesha pembe ya leso kwa mate.

"Masikini, wameiacha hivi mbele za wazungu," akasema, mkono umeshafika karibu na tundu la nanga.

Hawa akaudaka mkono ule hewani.

"Acha, Jamila. Meli hii imetoka kazini."