Wimbo wa Kuachama

Ng'ombe aliyening'oa meno matatu ya juu kwa teke tulimla Krismasi, lakini meno hayakurudi. Mwenye pengo kama lile bado anakula ugali na kusengenya majirani, hilo nashukuru. Kilichokufa ni kigelegele. Nikipiga, unatoka upepo mtupu kama wa tairi la baiskeli. Na binti yangu Hana alikuwa anaolewa Bunda, pale Manyamanyama, baada ya kuvuna pamba. Kwetu, mama ndiye anayemwingiza binti ukweni kwa kigelegele chake. Pelagia, shangazi wa bwana harusi, alishatangaza mpaka kwenye foleni ya duka la ushirika: "Mwali wetu ataingia kimya kimya kama anakwenda mazishini."

Ndiyo nikaenda Musoma kwa daktari wa meno, Ndugu Florian. Nilikwenda na watu wangu: shoga yangu Nyangi, wifi yangu Marcelina, na majirani wa kijiji chetu cha ujamaa kule Nyamuswa. Benchi la nje likajaa. Nani anakwenda kuchongwa meno peke yake? Lakini daktari akaniingiza mimi tu.

"Mama, nitakutengenezea meno ya chuma kwa ndani, ya kuvaa na kuvua. Ila chuma hakikai hewani. Lazima nichimbe vishimo kwenye meno yako mazima, hili na hili, kikalie hapo. Bila hivyo kitazama kwenye ufizi kikuumize."

"Uniharibie na yaliyobaki?"

"Kishimo chenyewe kama punje ya ulezi, mama."

Nikakubali, lakini mdomo wenyewe ukakataa. Kila mashine ikianza kulia, taya zinajifunga. Mwisho nikamng'ata kidole. Akakikung'uta weee!

"Mama Hana, vipimo vya mdomo wako vinaondoka leo na meli ya Kisumu, chuma kikayeyushwe Nairobi. Vikikosa meli hii, harusi itapita. Kapumzike nje kidogo. Tukishindwa tena, basi."

Nikatoka nalia. Nyangi akanikazia macho. Mimi na yeye tulichongwa siku moja usichanani, meno ya mbele yakawa na ncha, tulikuwaga hatuachani.

"Wewe Wankyo, siku ile ulifunga mdomo?"

"Ningefungaje, na mlikuwa mnaniimbia?"

Maana kwetu wimbo wa kuchonga ukianza, msichana anaachama mpaka uishe. Anayefunga katikati atachekwa mpaka na wajukuu zake.

"Sasa unalia nini? Umekaa kwa fundi bila wimbo!" Akasukuma mlango bila hodi. "Ndugu daktari, tunaingia."

"Wote? Hapa hospitali, mama, si kilabuni!"

"Sisi tunaimba, wewe unachimba. Huyu hafungi mdomo mpaka tunyamaze."

Daktari akatutazama, akatazama kidole chake. "Haya. Lakini taratibu, kuna wagonjwa."

Wakaanza, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kama mlango wa zizi. Mashine ikalia, ikanuka kama kwato inayoungua, nami nimeachama tu. Marcelina akakosea ubeti, Nyangi akamkanyaga mguu, wakaendelea.

"Rudieni," daktari akasema, "bado jino la pili."

Wakarudia. Akanijaza donge la kupimia mdomoni, wakarudia tena, safari hii na muuguzi anaitikia. Meli ilipopiga honi, vipimo vyangu vilikuwamo.

Siku ya harusi chuma kilikalia vishimo vyake, hakikucheza hata kidogo. Pelagia amesimama mlangoni, kakunja mikono. Nikamshika Hana mkono, nikapiga kigelegele mpaka kuku wakaruka juu ya paa. Pelagia mwenyewe akaitikia, angefanyaje?

Nikamvuta Nyangi mbele ya watu wote. "Kigelegele hiki ni chako, dada," nikamwambia. Akalia, mjinga yule, akaharibu na poda.

Daktari nilimpelekea jogoo. Alipofungua mlango nikacheka ayaone meno yote, akarudi nyuma hatua moja na kuficha kidole.