Ripoti ya Nkatha

Du. Du. Du-du.

Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, kisigino kikipiga sakafu ya mbao. Daktari Zadock aliijua kabla hajafungua. Ndivyo viziwi waitanavyo: hupiga sakafu ili mtetemo umfikie mwenzao miguuni, ageuke. Alipofungua alimkuta Nkatha, msichana wa miaka tisa, amesimama katikati ya chumba cha kusubiria, akipiga na kutazama kila pembe, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Tangu tufike ni hivyo tu," alisema Peris, mama yake, angali na sare ya kazi kutoka nyumba ya kutunzia wazee kule Fridley, kitongoji cha Minneapolis. "Ananiaibisha, Daktari."

"Anaita watu, Mama Nkatha."

"Watu gani? Tuko watatu."

 Asubuhi hiyo ya Februari, mwaka wa 1994, walikuwa wamekuja ofisi ya elimu kwa jambo moja: kuifuta ripoti iliyompeleka Nkatha kwenye darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Mwandishi wa ripoti hiyo alikuwa Zadock mwenyewe.

Kwa miaka kumi na minne kazi yake ya saikolojia ilikuwa ni viziwi na elimu yao. Kuanzia Minneapolis hadi Saint Paul, mwalimu akishindwa na mtoto kiziwi aliambiwa, mpeleke kwa yule Mkenya. Kwa vipimo vya vipande vya mbao na picha tu, bila maneno, alikwisha kuwatoa watoto kumi na mmoja kwenye darasa lile lile, akiwaonyesha wakubwa kwamba masikio si kipimo cha akili. Idadi hiyo aliijua kwa kichwa, na alipenda kuitaja.

Fomu yake ilianza na swali: mtoto anatumia lugha gani? Familia ya wakimbizi wa Kihmong ikija, aliuliza mpaka akaridhika, akatafuta mkalimani. Wameksiko vivyo hivyo. Lakini Peris alipomleta binti yake, aliyetoka Meru majuzi, Zadock alifurahi kusalimiana kwa Kiswahili, wakaongea habari za nyumbani, na swali likapita juu juu.

"Hana lugha, Daktari. Anarusharusha mikono tu, kama wenzake wa ile shule ya viziwi kule Meru."

Akaandika: hana lugha. Mwaka wa 1973 aliwahi kufundisha viziwi huko huko Kenya, enzi ambapo mtoto aliyeonekana akitumia ishara alichapwa viganja. Zadock pia alichapa. Kwa hiyo nyumbani alipajua. Aulize nini tena? Hakuwa na habari kwamba baada yake fimbo ilipumzishwa, na watoto wale wakaikuza lugha yao mabwenini mpaka ikawa lugha kamili. Akampima Nkatha kwa ishara za Kimarekani. Nkatha alimkodolea macho saa nzima. Matokeo yakawa yale.

Desemba, kanisani Brooklyn Center, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aitwaye Wambui, aliyewahi kufundisha viziwi Kenya, alimwona mtoto akikunja vidole peke yake karibu na birika la chai. Akamjibu kwa ishara. Chai ikapoa. Jioni, kwa namba aliyopewa na Peris, Wambui alimpigia Zadock simu.

"Daktari, huyu mtoto ana maneno kumshinda mchungaji. Nani alisema hana lugha?"

Asubuhi hiyo ya Februari, ndani ya mkutano, mwenyekiti wa kamati, Bi Maureen, hakuwa mkali. Angekuwa mkali Zadock angepata pa kushika.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulipoandika, ulikuwa na uhakika?"

"Nilikuwa na uhakika sana. Ndilo kosa langu."

"Sawa. Nani atampima upya kwa lugha hiyo ya ishara ya Kenya? Si wewe, umeshakuwa upande wake."

"Kulikuwa na mwanafunzi, Wambui. Angekalimani."

"Yuko wapi?"

"Alimaliza masomo. Amerudi Kenya mwezi uliopita."

"Mwingine?"

Zadock alikuwa amepiga simu kila chuo, kila kanisa. "Hakuna."

Bi Maureen alifunga faili taratibu, kwa huruma. Bila kipimo kipya, ripoti ya zamani ingebaki. Na darasa la viziwi lilikuwa limejaa, kwa ombi tu hangepokelewa.

Nje, ukumbini, Peris aliuliza, "Kwa hiyo?"

"Wamekataa."

Peris aliitazama theluji dirishani. "Ni mimi nilisema hana lugha."

"Ni mimi niliyeandika."

"Kila jioni alikuwa ananiuliza kitu. Hivi." Aligusa shavu, kisha akafungua kiganja. "Sikijui. Siku hizi ameacha kuuliza. Mikono yake inanyamaza, Daktari. Akisahau ishara zake na hizi za hapa hana, atabaki na nini?"

Nkatha alipiga kisigino. Ukumbini kulikuwa na zulia. Sauti haikutoka, na hakuna aliyegeuka. Akamvuta Zadock koti. Akagusa shavu, akafungua kiganja. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito.

Zadock alipiga magoti. Mikono yake ilijua maelfu ya ishara, na hiyo haikuijua. Akaiacha mikono mapajani. Nkatha aliacha kumtazama mikono, akatazama midomo, akingoja.

"Nkatha," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili walau mama mtu asikie, "Jumamosi nitakuja kwenu. Utanifundisha moja moja, hata ukinicheka, na sitachoka. Siku nitakayojua umeniuliza nini, nitarudi hapa kukukalimania mbele ya mpimaji mwingine, na kuifuta ile ripoti kwa mkono wangu. Nakuahidi, mwanangu."